Singapore mpaka New York ni mbali jamani

Jana nimekodolea ramani nikajiuliza, hivi Singapore mpaka New York ni mbali kiasi gani? Kumbe kama kilomita 15,300, ndege ya moja kwa moja inakula masaa 18 na ushee, yaani unalala, unaamka, unamaliza muvi mbili, ukicheki skrini mbele yako kale kandege bado kako katikati ya bahari!

Afu rubani wakati mwingine anazunguka makusudi ili asukumwe na upepo wa nyuma, anaongeza kilomita lakini anafika mapema. Kichekesho ni saa zenyewe, zinapishana 12 au 13, kwa hiyo ukiondoka Singapore saa saba usiku unatua New York asubuhi ya siku hiyohiyo, mwili hoi.