Kadi Namba 12: Kumbukumbu za Mradi Wangu wa Barabara ya 66

Tarehe 9 Machi 2025

Kadi ya posta namba 12 imenishinda tena. Nimezunguka kati ya miji ya Vinita na Chelsea, Oklahoma, mpaka giza likaingia, kadi mkononi, na Mama Neema akapiga simu kuuliza kama nimepotea au nimehamia huko huko. Kadi inaonyesha moteli: vibanda sita vyeupe vyenye mapaa mekundu, nyasi zimekolea kijani, bango lenye mshale mkubwa, na nyuma yake msitu umetulia chini ya mawingu. Huku hakuna msitu wa namna hiyo. Kuna malisho, kuna ng'ombe, kuna reli.

Kwa asiyejua nahangaika na nini: nakusanya kadi za posta za zamani za Route 66, upande wa Oklahoma tu, kisha naenda kusimama pale pale aliposimama mpiga picha na kupiga upya. Ninazo 31 kwenye sanduku la viatu. Mpaka leo nimekamilisha 11. Kazi yangu ni treila. Nyumbani ni Tulsa, na wiki nzima nakimbia kwenye barabara kuu ya I-44. Kutoka juu ya kiti changu naiona ile barabara ya zamani pembeni, inapotea nyuma ya miti, inatokea tena. Ndivyo ilivyonianza hii homa. Nilikuwa nawaza, huko chini kuna nini?

Huko chini kulikuwa na kila kitu. Barabara ilipewa namba 66 mwaka 1926, kutoka Chicago hadi California, maili 2,448 kupitia majimbo manane, na aliyeipigania sana ni mtu wa hapa Tulsa, Cyrus Avery. Magari yote yalipita katikati ya miji. Kwa hiyo mwenye moteli, mwenye mgahawa na mwenye sheli waligombea macho ya dereva mmoja, na dereva akishakupita hageuzi. Ukitaka asimame, lazima akuone mapema na ajiulize, "Hicho ni nini?" Hapo ndipo yalipozaliwa majitu ya plastiki yaliyoshika roketi, chupa kubwa kuliko nyumba, na maghala ya wakulima yaliyopakwa matangazo ya mapango. Sheria ya barabara kuu ya mwaka 1956 ikaleta njia mpya zinazokwepa miji. Mwaka 1985 namba 66 ikafutwa rasmi.

Tarehe 30 Machi

Mvua. Sijatoka. Nimekaa mezani na kioo cha kukuzia.

Nyingi za kadi zangu ni za Curt Teich, kampuni ya uchapaji ya Chicago. Zile za miaka ya 1930 na 1940 ukizipapasa zina vijistari kama kitambaa cha kitani. Karatasi ya namna hiyo ilikausha wino upesi, ndiyo maana rangi zake zinawaka. Na kuna siri pembeni: namba ndogo. Moja ya kadi zangu imeandikwa 7A-H, halafu tarakimu. A ni miaka ya 1930, B ni ya 1940, C ni ya 1950. 7A basi ni 1937. Nilipojifunza hili nilitoa kadi zote 31 sandukuni na kuzipanga upya kwa umri, saa mbili usiku, chai ikapoa.

La pili nililojifunza limenikata maini. Picha ilipigwa nyeusi na nyeupe. Rangi ziliwekwa Chicago, na mafundi ambao hawakuwahi kukanyaga mahali penyewe, wakifuata maelezo ya mteja. Mteja hapendi nguzo za umeme? Zinafutwa. Mawingu hayapo? Yanaongezwa. Mimi nazunguka na kadi hizi kama ramani kumbe ni picha za harusi, kila kasoro imesafishwa.

Tarehe 19 Aprili

Kadi namba 13, nyangumi wa Catoosa. Hii si ya kitani, ni ya kung'aa, picha ya rangi kweli.

Nyangumi huyu ana urefu wa futi 80 na amekaa ukingoni mwa bwawa, kando kabisa ya 66, Oklahoma, ambako bahari ni hadithi. Alijengwa na Hugh Davis, aliyewahi kuongoza bustani ya wanyama ya Mohawk hapa Tulsa. Mkewe, Zelta, alikuwa akikusanya visanamu vya nyangumi, naye akaamua kumpa kimoja kisichoingia kabatini, zawadi ya kumbukumbu ya ndoa yao. Kilikamilika 1972. Watu wakaanza kusimama na kuogelea, familia ikafungua lango. Mwaka 1988 pakafungwa. Miaka mingi baadaye mji wa Catoosa ukapanunua.

Nimeingia kwa mdomo kama kila mtu. Ndani ni kama karavati kubwa yenye madirisha ya duara. Nimeweka kiganja ukutani: saruji imepakwa bluu juu ya bluu juu ya bluu, na palipobanduka unaona tabaka kama za kitunguu, moja ya karibu na rangi ya anga, nyingine ya nili kabisa. Unasikia maji chini ya miguu. Kwenye mkia kuna jukwaa la kurukia, ila kuogelea sasa ni marufuku. Neema, ambaye ana miaka sita, aliuliza nyangumi amemeza watu wangapi. Nikamwambia, tangu 1972, hesabu mwenyewe.

Ili nipate pembe ya kadi ilibidi nishuke ukingoni. Tope likanimeza hadi gotini, kiatu kikabaki. Picha imetoka. Kiatu nimekivuta kwa mguu wa tripodi.

Tarehe 10 Mei

Kati ya Afton na Miami, ile Miami ya Oklahoma. Hakuna kadi ya hapa, nimeenda kwa mapenzi tu. Kipande cha barabara kilichomalizika 1922, upana futi 9, yaani njia ya gari moja kwa magari yanayotoka pande zote mbili. Nimekutana na trekta. Yeye hakupisha. Jioni Mama Neema amenitoa kupe watatu.

Tarehe 14 Juni

Wiki hii nilipeleka mzigo Arizona, na muda wa kupumzika ukaniangukia jirani na Holbrook. Kule kuna moteli ya mwaka 1950 ambayo vyumba vyake ni mahema 15 ya zege, yamechongoka kama pia zilizogeuzwa, mbele ya kila moja gari la kizamani limeegeshwa. Yanaitwa wigwam. Umbo lake ni la tipi, hema la watu wa nyanda za kati, wala si wigwam. Na Wanavajo, ambao ardhi yao iko hapo kaskazini tu, nyumba yao ya jadi ni hogan, haifanani na lolote kati ya hayo mawili. Ni umbo linaloonekana mbali, basi. Nilipiga picha nyingi, sikatai, ni mahali panapopendeza. Lakini njia nzima ya kurudi nilikuwa nabishana na nafsi yangu.

Nilipofika nikapitia Foyil kujisafisha macho. Ed Galloway, mwalimu mstaafu wa useremala, alijenga huko mnara wa saruji wa futi 90, kuanzia 1937 hadi 1948, umesimama mgongoni mwa kobe, michoro ya ndege na machifu imeuzunguka hadi juu. Naye alichota kwa watu wasio wake. Ila miaka 11 ya mkono wa mtu mmoja unaiona kwenye kila mkunjo wa saruji. Sijui kwa nini huyu namsamehe upesi hivyo.

Tarehe 20 Julai

Leo baada ya ibada Mzee wetu mmoja wa kanisani alikuja kula nyumbani. Ana miaka 77, mzaliwa wa Tulsa, Mmarekani mweusi, baba yake alikuwa seremala. Nikamletea sanduku kwa fahari kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga. Akazipitia kadi moja moja, taratibu, bila kusema. Kisha akazirudisha, akasawazisha kingo.

"Nzuri," akasema. "Sasa kijana, kati ya hizi, mimi na baba yangu tungelala wapi?"

Nikanyamaza. Sikuwa nimewahi kuliuliza. Mimi nimekuja nchi hii juzi, naitamani zamani ya barabara yao kana kwamba mlango ungefunguliwa nilipobisha.

Akanisimulia baba yake alivyosafiri: galoni za akiba za mafuta kwenye buti, kuku wa kukaanga kwenye karatasi, blanketi nyuma, na kuendesha usiku kucha. Ilikuwapo miji ambayo mtu mweusi jua lisimkute. Ndiyo sababu tangu 1936 Victor Green, msambaza barua aliyeishi New York, alichapa kitabu chake cha kijani cha anwani salama. Nyingi za anwani za Tulsa zilikuwa Greenwood, mtaa uliochomwa moto na umati wa wazungu 1921, ukajengwa upya na wenyewe. Baadaye I-244 ikapitishwa katikati yake. Kila siku naendesha juu ya barabara hizo kubwa nikisikitikia moteli zilizouawa nazo. Huu mtaa sikuwahi kuuweka kwenye hesabu.

Tarehe 9 Agosti

Luther, mwendo wa saa moja na nusu kutoka Tulsa. Nimekwenda kutafuta sheli ya Threatt. Familia ya Allen Threatt, watu weusi wenye shamba lao hapo, waliijenga kabla barabara haijapewa namba 66, kwa mawe waliyochimba kwenye ardhi yao wenyewe. Hapo msafiri mweusi alijaza mafuta, akala, akanyoosha mgongo bila kuangalia nyuma. Bado ni ya familia. Mwaka 2021 iliwekwa kwenye orodha ya kitaifa ya majengo yaliyo hatarini zaidi.

Haina nyangumi wala jitu. Ni kijumba cha mawe ya rangi ya mchanga, paa limetokeza mbele kukinga jua, kipo njia panda. Ukikimbia maili 50 kwa saa unakipita. Waliokitafuta walikuwa wanajua kilipo.

Kwenye sanduku langu hakuna kadi yake, na nilikotafuta kote sijaona ya kitani. Kwa hiyo nimeshindwa kufuata kanuni yangu mwenyewe: hakuna picha ya kwanza ya kurudia. Nikasimama ng'ambo ya barabara, nikapiga ya kwangu. Nguzo za umeme nimeziacha.

Tarehe 6 Septemba

Namba 12 imepatikana, na si mimi niliyeipata.

Nilimwomba Mzee twende naye Vinita, nikijua atakataa. Akaja na kofia na chupa ya chai. Tulipovuka Chelsea akaiomba kadi, akaitazama, akatazama nje, akaitazama. Maili chache mbele akasema, "Punguza." Kisha, "Hapa."

Nikamwambia, Mzee, hapa nimepita mara kumi, msitu uko wapi?

"Hakukuwa na msitu. Kulikuwa na treni. Ilikuwa inakimbia sambamba na gari letu usiku, mimi nimelala kiti cha nyuma, nikiamka naona mataa ya moteli upande huu na mataa ya treni nyuma yake. Nikimwomba baba tusimame, ananiambia nilale."

Tuta la reli. Fundi wa Chicago alilipandia miti.

Tukashuka. Kwenye nyasi zimebaki sakafu sita za zege, zimepasuka, na kishina cha chuma cha lile bango. Nikafunga tripodi, nikapima kwa kadi: reli, kishina, mpindo wa barabara, vyote vikakaa mahali pake. Nilipokuwa nataka kubonyeza, Mzee akaniinulia mkono nisubiri. Akapita kwenye majani kwa fimbo yake hadi sakafu ya tatu, akatafuta penye alama ya kizingiti, akaingia ndani, akageuka kunitazama.

"Sasa," akasema.