Maumivu Yalianza Saa Ngapi?

Jumapili, tukirudi kutoka Sengerema, binti yangu alianza kuhesabu pale gari lilipoingia darajani. Tulipotokea Kigongo alikuwa hajafika mia tatu. "Mama, zamani mlikuwa mnavukaje?" Nikamjibu: kwa feri. Sikuongeza neno.

Siku ile Baba aliamka akilalamika chembe cha moyo. Mahali penyewe tunapaita hivyo, na bado sote tukafikiria tumbo. Zahanati nao wakasema ni vidonda vya tumbo, wakampa dawa ya kutafuna, tukarudi nyumbani. Saa nne nikaona hapana, nikamtia garini twende Mwanza.

Busisi tukakuta foleni. Feri ilikuwa ng'ambo, Kigongo, tunaiona. Upepo wa ziwa ulikuwa wa baridi, mimi nimejifunga kanga mbili, lakini shati la Baba lilikuwa limelowa jasho mpaka mgongoni. Alikuwa ameshika taya la kushoto kama mwenye jino bovu. Mama mmoja wa basi la mbele alimtazama kupitia dirishani, akaja mbio. Alikuwa nesi. Akamuuliza kama amewahi kutapika damu, kama aspirini inamdhuru. Akatoa vidonge vinne vidogo vya miligramu 75. "Mzee wangu, tafuna. Usimeze vizima." Baba akatafuna taratibu, macho kwenye ile feri, uso umekunjamana kwa uchungu wa dawa. Nesi akaenda kuwaomba walinzi, tukapitishwa mbele ya malori. Hata hivyo feri ilikuja kwa mwendo wake uleule.

Hospitalini wakampima umeme wa moyo. Damu ilikuwa imeganda ndani ya mshipa unaolisha moyo, ikauziba. Daktari alisema kuna dawa ya dripu ya kuyeyusha bonge lile, ila inataka iwahi, zisipite saa kumi na mbili tangu maumivu yaanze, maana kila dakika misuli ya moyo inakufa. Tiba ya kuzibua mshipa kwa mrija, tungeifuata Dar es Salaam. "Maumivu yalianza saa ngapi?"

"Alfajiri," nikasema.

Baba akafungua macho. "Saa nane usiku. Sikutaka kukuamsha, mwanangu."

Dripu aliipata. Akaishi miaka mitatu, akilala kwa mito mitatu, miguu ikivimba kila jioni. Nami mpaka leo nazigawa saa zile: ngapi za zahanati, ngapi za Busisi, ngapi zangu mimi niliyelala chumba cha pili.