Claudia Cardinale na sauti iliyochelewa kusikika

Katika filamu zake za mwanzo, Claudia Cardinale anaonekana ila hasikiki. Midomo ni yake, sauti ni ya mtu mwingine. Anayetaka kuielewa kazi ya mwigizaji huyu, aliyefariki Ufaransa tarehe 23 Septemba 2025 akiwa na miaka 87, aanzie hapo.

Alizaliwa Tunisia mwaka 1938, La Goulette, karibu na Tunis, katika familia yenye asili ya Sicily. Alikua na Kifaransa, Kisisilia cha wazazi na Kiarabu cha mtaani. Kiitaliano alikuja kujifunza ukubwani. Mwaka 1957 alishinda shindano la urembo la wasichana wa Kiitaliano wa Tunisia, na zawadi ikawa safari ya kwenda tamasha la filamu la Venice. Mwaka uliofuata, chini ya mkataba na mtayarishaji Franco Cristaldi, akatokea katika filamu ya I soliti ignoti kama Carmelina, msichana anayefungiwa ndani na kaka yake. Aliyemsemea alikuwa mwingine.

Hilo halikuwa jambo geni. Italia ya wakati huo ilitia sauti karibu filamu zake zote baada ya upigaji. Mbele ya kamera kila mwigizaji aliweza kusema lugha yake. Kisha mkanda ulikatwa vipande vifupi, ncha za kila kipande zikaunganishwa kuwa pete, na pete ikazungushwa kwenye projekta huku msemaji akirudia maneno mpaka yaafikiane na midomo. Kinachoharibu ni herufi za b, p na m. Midomo ikifumba na sikio lisipopata mojawapo, mtazamaji anashtuka hata kama hajui kwa nini. Wasemaji wa Roma walikuwa mahodari wa kazi hii, na ndiyo maana watu wengi hawakugundua kwamba hawajawahi kumsikia Claudia.

Mwaka 1962 aliigiza filamu mbili kwa wakati mmoja, za waongozaji wawili: Il Gattopardo ya Luchino Visconti na 8½ ya Federico Fellini. Visconti alimtaka na nywele nyeusi, Fellini na nywele za rangi nyepesi, basi zikawa zinabadilishwa rangi kila alipovuka kutoka seti moja kwenda nyingine. Visconti alipanga kila hatua. Fellini aliacha nafasi ya kubuni papo kwa papo. Na ni Fellini aliyeamua kuiacha sauti ya Claudia mwenyewe isikike, nzito, yenye mikwaruzo, yenye lafudhi ya Kifaransa. Kwangu huo ndio uamuzi mkubwa kuliko yote katika maisha yake ya kazi.

Kwa anayetaka kutazama: Il Gattopardo itafute ya Kiitaliano, ya takriban saa tatu. Ya Kiingereza ilipunguzwa hadi dakika 161, ingawa ndiyo yenye sauti halisi ya Burt Lancaster, Mmarekani aliyeigiza Mwanamfalme. Kwenye dansi ya Angelica, ambaye ni Claudia, na Mwanamfalme, suala la sauti halina uzito: shingo, mgongo na macho ya Claudia vinatosha. Kisha weka 8½, uende moja kwa moja karibu na mwisho, pale yeye na mwigizaji mkuu, Marcello Mastroianni, wamo ndani ya gari usiku. Anarudia jibu lilelile mara tatu: mwanamume wanayemzungumzia hajui kupenda. Sikiliza ule mkwaruzo.