Siku moja maishani mwangu: kufua nguo za safari kati ya Ngorongoro na Seronera

Saa 11:30 alfajiri. Kambi ya Simba, ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro. Huku juu ni kama mita 2,300 kutoka usawa wa bahari na ukungu hulala juu ya mahema. Nguo iliyoanikwa jioni asubuhi bado mbichi, wakati mwingine imeloa kuliko ilivyoanikwa. Ndiyo maana ukingoni hatuaniki. Tunaloweka tu, jua tunalifuata Serengeti.

Saa 12:30. Kung'uta kwanza. Vumbi la huku ni la volkano, laini kama unga. Likiingia majini linakuwa tope na kuila sabuni kabla haijagusa jasho. Kisha ndoo ya lita 20 yenye mfuniko wa kubana: maji lita 8, nguo kavu kilo moja na nusu (mashati matatu, suruali moja, soksi chache), sabuni ya unga kijiko kimoja na nusu cha chakula. Iyeyushe kwanza kwa maji ya uvuguvugu, la sivyo mabonge yatang'ang'ania nguo nyeusi na kuacha madoa meupe. Usijaze ndoo. Nguo zisipopata nafasi ya kugeukageuka, zinaloa tu, hazifuliki.

Chupi kila mgeni hufua mwenyewe. Tunampa beseni na sabuni, basi.

Saa 2:00. Ndoo inakaa nyuma ya gari, karibu na mlango, ambako mtikisiko ni mkali zaidi, imefungwa wima kwa mipira ya tyubu. Kamwe si kwenye keria. Povu hupenya mfuniko, kwa hiyo weka utepe wa tyubu chini ya ukingo wake. Wanaoshauri kufulia ndani ya mfuko wa plastiki hawajafika kwetu: mifuko ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019.

Kuanzia hapo barabara ndiyo inayofua. Mawimbi ya changarawe hadi lango la Naabi, la kuingilia Serengeti, yanatosha kwa jasho na vumbi. Kola na pindo za suruali bado zinataka sabuni ya mche na mkono.

Saa 8:00 mchana. Seronera, katikati ya Serengeti. Maji machafu yanamwagwa kwenye sinki la kambi. Mahali pasipo na sinki, nenda hatua 80 kutoka mto au kisima. Suuza mara mbili, lita 6 kila mara; mara ya kwanza kamua kwa nguvu kabla ya kuongeza maji mapya. Anayezidisha sabuni ndiye anayemaliza madumu ya mpishi.

Kukamua suruali nzito: itandaze juu ya taulo kavu, viringisha, kanyaga.

Saa 8:40. Kamba mbili zilizosokotwa pamoja, kutoka gari hadi nguzo. Pindo la nguo linabanwa katikati ya msokoto bila vibanio. Mgunga una miiba, uache. Geuza nguo ndani nje, jua hili linachujua rangi. Usitandaze majanini wala kuanika kivulini: kuna nzi anayependa kutaga mayai kwenye nguo mbichi au mchanga wa kivulini, na funza wake huingia kwenye ngozi ya mvaaji, jipu likaota.

Shati la bluu au jeusi likikauka, lirudi begini. Mbung'o huvutwa na rangi hizo, na vitambaa vya kuwatega hifadhini ni vya bluu na nyeusi kwa sababu hiyohiyo.

Saa 11:30 jioni. Kuanua, kabla umande haujashuka.

Saa 1:30 usiku. Pasi ya chuma juu ya jiko la gesi. Dondosha tone la maji: likichemka na kupotea, anza. Kila nguo pande zote mbili, na zaidi kwenye mishono na kiuno cha suruali, maana huko ndiko mayai ya yule nzi wa nguo mbichi hujificha. Nailoni itayeyuka, kwa hiyo tangu mchana hukauka ndani ya gari lililofungwa vioo, nzi asikoingia.

Saa 3:00 usiku. Ndoo inafutwa, inaachwa wazi isinuke, lakini ndani ya gari. Fisi hutafuna plastiki, viatu, hata taulo lililosahaulika kambani.