Nauli ya kwenda kunywa dawa

Kaka yangu alianza kunywa methadone, dawa ya kumtoa mtu kwenye heroini, mwaka 2021, baada ya miaka kumi na nne ya unga, yaani hiyo heroini. Dawa yenyewe halipii hata senti. Anafika dirishani, muuguzi anampimia kwenye kikombe, anakunywa palepale, anaulizwa habari za nyumbani ili afungue mdomo waone kama kameza, basi. Kesho tena. Jumapili tena, Idi tena. Siku hizi wapo wanaopewa za kwenda nazo nyumbani, lakini mpaka waaminiwe.

Kwetu hadi kliniki ni daladala mbili. Nauli ya masafa mafupi ilipopanda kufika 600, Desemba 2023, kwenda na kurudi ikawa 2,400 kwa siku. Mtu ambaye juzi tu alikuwa anang'oa vioo vya magari ya watu, 2,400 ataitoa wapi kila alfajiri bila kurudi kwenye vioo? Kaka aliacha mara mbili, na mara zote mbili kilichomshinda ni nauli. Mara ya pili nilimkuta kajikunja nyuma ya choo, arosto, yale maumivu ya kukosa unga, imemkamata, jasho na kutapika, ananiomba hela ya kete.

Nilianza kutafuta hela za serikali za kuwasaidia nauli mwishoni mwa 2022. Kwa ujinga wangu nikaandika barua ya "kuomba fedha za huduma kwa waraibu wa mtaani kwetu". Ofisi ya kwanza ikanituma afya. Afya wakasema wao wana kliniki, ya nauli hayawahusu. Wa tatu akaniuliza kwa nini nisimpeleke kaka soba hausi, nyumba ya kulaza waraibu mpaka waache, kana kwamba soba hausi ni bure. Nyingi ni za watu binafsi, na familia inalipa kila mwezi. Serikali ninayoijua mimi kwenye jambo hili iko hospitalini: Muhimbili ya Dar es Salaam walianza kutoa methadone Februari 2011, Mwananyamala wakafuata 2012, Temeke 2014, na sehemu kubwa ya gharama ikabebwa na wafadhili. Kati ya geti la hospitali na mlango wa nyumba yetu, hakuna fungu.

Aliyenifumbua macho ni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Alisoma andiko langu lote, akavua miwani. "Dada, ukiandika tiba watakurudisha afya, na afya hawana bajeti. Hawa vijana wako wanajua kufanya nini?" Nikamwambia, wanaokota chupa na chuma chakavu. "Basi andika taka."

Hela aliyokuwa anaisema ni mikopo ya vikundi inayotoka kwenye ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne ya wanawake, nne ya vijana, mbili ya watu wenye ulemavu. Tangu 2018 iko kisheria na haina riba. Dirisha la vijana likatukataa hapohapo: wakati huo mwisho ulikuwa miaka 35, na mateja wetu wengi walishapita arobaini. Nusu yao hata kitambulisho cha taifa hawana, wengine waliviweka rehani kwa wauza unga. Ila dirisha la wanawake halikuwa na ukomo wa umri. Tukaunda kikundi cha kuzoa taka, cha mama zao na dada zao, pamoja na wasichana wawili ambao nao wako kwenye dawa. Wanachama ni sisi, deni ni letu, wanaume tunawaajiri. Ilibidi liandikwe hivyo kwa sababu kamati haitaki vikundi vya majina ya kukodi, na hapo sina ugomvi nao.

Katiba, muhtasari wa kikao, akaunti ya benki, vyote vilikwisha ndani ya mwezi. Barua ya mtaa ndiyo ilinitoa jasho.

"Hawa si ndio wanaotuibia?" bwana wa ofisi ya mtaa aliniuliza.

"Ndio haohao, mheshimiwa. Na ndio watakaokuja kuzoa taka za kwako."

Akacheka, lakini muhuri hakutoa. Nilirudi mara nne. Ya tano nilikwenda na mwenyekiti wetu, muuza vitumbua pale kituoni, ambaye alimjua huyo bwana tangu akiwa na kaptula. Muhuri ukagongwa.

Tukapeleka maombi. Aprili 2023 mikopo ikasimamishwa nchi nzima ili utaratibu upangwe upya. Kwa ubadhirifu uliosemwa, sawa, lakini sisi tulikuwa bado hatujala kitu. Iliporudi 2024 tukaanza upya, fomu mpya, uhakiki mpya. Tuliomba milioni kumi. Mapema 2025 tukapata sita, tukanunua toyo ya mizigo, pikipiki ya magurudumu matatu. Ilikuwa ni majira yaleyale Marekani iliposimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na waelimisha rika wawili waliokuwa wakipita maskani za kwetu kuzungumza na watumiaji wa unga wakaambiwa wakae nyumbani.

Hesabu yetu naiweka wazi kwa anayetaka kujaribu. Nyumba 500, kila moja 3,000 kwa mwezi. Zinazolipa kweli ni kama 400. Hiyo ni 1,200,000. Rejesho 250,000. Mafuta na dampo 200,000. Wazoaji watatu, siku kumi na tatu kwa mwezi, 10,000 kila mmoja, 390,000. Nauli za watu wanne wasio na kazi, 288,000. Inabaki 72,000, na hiyo inaishia kwenye pancha. Ni wanne tu wanaopata nauli, wakati orodha yangu ina watu kumi na mmoja.

Nauli hatumpi mtu ya wiki. Tulijaribu, wiki ya kwanza tu mmoja akaila yote siku ya Jumatatu. Sasa mwenyekiti anakaa na sinia lake la vitumbua kituoni tangu saa kumi na moja alfajiri, anamkabidhi kila mtu yake ya siku na kuangalia amepanda. Aliyelewa harudishwi mikono mitupu, anapewa kitumbua na chai, lakini nauli hapati, maana hata kliniki dawa hawatampa akinuka pombe. Hao wa pombe ndio wananiumiza kichwa. Wameacha unga wakahamia kwenye vichupa vya konyagi, na kwa pombe sijaona dirisha lolote la kikombe.

Kaka ndiye anayeendesha toyo. Leseni alipata mwezi wa nane. Wiki iliyopita alipita nyumba ya yule bwana wa muhuri kudai 3,000, akaambiwa arudi Ijumaa. Amerudi mara mbili. Ijumaa hii nakwenda naye, na mwenyekiti.