Mtandao ulipozimwa Tanga: nilivyobaki na binamu yangu

Nina saiba ndogo, duka la intaneti, Kisauni, Mombasa. Binamu yangu, mtoto wa mama mdogo, yuko Tanga, na kwa muda mrefu alikuwa akirekodi majirani wakieleza habari za jamaa zao waliochukuliwa na wale wanaoitwa watu wasiojulikana, kisha anaziweka kwenye mtandao wa kijamii wa X, uliokuwa ukiitwa Twitter. Mei 2025 X ikafungiwa Tanzania nzima. Alinipigia usiku. "Dada, wamenifunga mdomo."

Kwa haraka nikamtafutia VPN ya bure, programu inayokupitisha kwenye kompyuta ya mbali ili ufike palipofungiwa. Nilikosea. Programu ya namna ile hujui nani yuko nyuma yake, anachungulia nini na anamuuzia nani. Isitoshe, tangu Oktoba 2023 watumiaji wa VPN kule walitakiwa kuzisajili, kwa hiyo kukutwa nayo si jambo dogo. Nilimwambia aifute siku ya pili yake.

Tulichotulia nacho ni Tor, mtandao unaoficha nani anasoma nini, pamoja na Snowflake, mlango wake wa siri. Ukiwasha Snowflake kwenye kivinjari chako, aliyefungiwa hupitia kwako hadi kuingia Tor, na anayechungulia njiani huona kitu kinachofanana na simu ya video. Mimi sioni anachosoma, wala tovuti anayofungua haioni anwani yangu. Wairani wengi walipita milango ya aina hii mwaka 2022, baada ya kifo cha Mahsa Amini, msichana aliyekufa akiwa mikononi mwa polisi wa maadili. Nikawa naziacha kompyuta zangu tano zikiwaka usiku kucha. Huchagui nani apite kwako. Pengine niliyemfungulia alikuwa mtu wa Tehran na binamu yangu akafunguliwa na mtu wa kwingine kabisa. Nilifurahi hivyo hivyo, na bili ya stima nililipa bila kinyongo.

Oktoba 29, siku ya uchaguzi, intaneti yote kule ikakatika. Snowflake inahitaji walau uzi mwembamba wa intaneti, na kule uzi haukuwepo. Waya za baharini zinazoleta intaneti zilikuwa nzima: EASSy na SEACOM zinafika Mombasa na Dar es Salaam pia, na hapa dukani wateja waliendelea kutoa nakala za vyeti vyao. Kule ilizimwa kwa amri, kama Uganda walivyofanyiwa Januari 2021 kwenye uchaguzi wao.

Kilichotuokoa tulikuwa tumekipanga Septemba, barazani kwa mama mdogo. Mama mkubwa anaishi Horohoro, mpakani upande wa Tanzania, na ana laini ya Kenya inayoshika mnara wa Lunga Lunga, upande wa Kenya. Binamu aliogopa kunipigia moja kwa moja huku, basi angempigia yeye simu ya kawaida, naye angenipigia mimi. Tukakubaliana: "samaki wamefika" maana yake wote wazima. "Samaki wameharibika" maana yake mtu amechukuliwa. Mengine yote yasubiri.

Siku tatu sikusikia kitu. Nilifungua saiba, nikafunga, simu mkononi, hata chooni niliingia nayo. Novemba mosi, baada ya magharibi, ikalia. "Mwanangu, samaki wamefika." Niliketi sakafuni nikalia mbele za wateja.

Baadaye binamu akaleta neno kwamba anataka kunitumia kadi ya kumbukumbu kwa dereva wa basi. Nilikataa kabisa. Dereva yule ana watoto, na hakuna aliyemuuliza kama yuko radhi kubeba hatari ile. Tulikasirikiana kwa hilo, na hata leo naona nilikuwa sahihi. Mtandao ulianza kurudi Novemba 3, na pamoja nao ujumbe kwenye simu za watu ukiwaonya wasisambaze picha za kuzua taharuki.

Desemba alikuja mwenyewe. Tulifunga mlango wa saiba, tukaanza na video moja moja: nyuso tukazifunika ukungu, sauti tukazibadilisha, tarehe na mahali vilivyojificha ndani ya faili tukavifuta. Kabla ya kupakia yoyote alimtafuta mhusika na kumuuliza tena, kwa sababu ridhaa aliyoitoa mtu mwezi wa Juni si ile ya Desemba. Tulikuwa nazo saba. Sita zilipanda kabla ya adhana ya alfajiri.

Ya saba haijatoka. Mama aliyemo ndani yake alisema bado anaogopa, na kadi ninayo kwenye kasha la marehemu bibi, mpaka atakaponiambia.