Siku moja nyuma ya kaunta ya bunduki

Mama kule Machakos huwaambia majirani kwamba nafanya kazi kwenye duka la vifaa vya shamba. Si uongo kabisa, maana tunauza pia dawa ya kupe na viatu vya mvua. Lakini ugali wangu unatoka kwenye bunduki na risasi, katika mji mdogo kando ya Mto Warrego, magharibi mwa jimbo la Queensland, Australia, zaidi ya kilomita 700 kutoka Brisbane.

Saa moja na nusu asubuhi. Nafungua kabati la chuma, nahesabu bunduki, nalinganisha namba na daftari. Tangu mauaji ya watu wengi kwa bunduki kule Port Arthur, Tasmania, 1996, sheria za huku hazina mzaha: huuziwi bunduki bila leseni, na kila bunduki ina kibali chake.

Saa mbili wanaingia wapiga kangaruu, wawindaji wanaouzia viwanda vya nyama. Kazi yao ni ya usiku, kwa taa na pikapu, na mizoga lazima iwahi kontena la baridi kabla jua halijakolea. Wanafika na damu iliyokauka viwikoni, wanataja namba ya ukubwa wa risasi tu: .223, masanduku kumi. Dakika mbili, kwaheri. Hao nawapenda.

Saa nne kasoro akaingia kijana mwenye kofia iliyokuwa bado na mkunjo wa dukani. Leseni anayo, mtihani wa kulenga kafaulu, na anataka .308.

"Dume jekundu la kangaruu linafika kilo themanini," akaniambia. "Nipe kitu cha kuliangusha."

Nikamweleza kwamba kilo themanini hazimhusu. Kangaruu wa biashara hupigwa kichwani, kwenye ubongo. Mzoga wenye tundu kifuani kiwanda hakiupokei. Kwa hiyo shabaha yake ni kitu kisichozidi sana ndimu, usiku, pengine mita mia na hamsini mbele. Nikamwekea risasi mbili kiganjani. Kichwa cha .308 ni kama gramu kumi, cha .223 ni gramu tatu na nusu hivi. Hicho chepesi kinatoka mtutuni kwa karibu mita elfu moja kwa sekunde, kinakwenda kimenyooka, huna haja ya kukisia kitashuka kiasi gani. Bunduki hairuki begani, kwa hiyo kwenye darubini unaona umepiga wapi. Tena kikigonga kinavunjika vipande. Kile kizito kinaweza kupita na kuendelea na safari hadi kwa ng'ombe wa jirani.

"Lakini kwenye video..."

Video! Tukaanza upya. Akauliza .22-250. Nikasema ni nzuri, ina kasi zaidi, ila inakula baruti zaidi na mtutu unachakaa mapema kwa mtu anayepiga kila usiku. Akafikiri, akafikiri, kisha akauliza kama basi ile .22 ndogo ya kupigia sungura, yenye baruti kidogo, haifai, kwa vile risasi zake ni za bei rahisi. Kutoka mzinga hadi manati! Hiyo hairuhusiwi kabisa kwa kazi hii, nikamwambia, na hapo sauti yangu ilipanda kidogo. Mnyama aliyevunjwa taya hufa kichakani baada ya siku kadhaa. Sitaki risasi niliyoiuza mimi ifanye hivyo.

Mkate wangu wa mchana ulikuwa umekauka kama ubao. Bosi alipita mara mbili akichekea ndevuni. Sijui ilikuwa saa ngapi alipoingia mzee mmoja kununua mafuta ya bunduki, mtu aliyefanya kazi hii tangu kabla sijazaliwa. Kijana akamuuliza anatumia nini.

"Mbili-mbili-mbili," mzee akajibu. Yaani .222, ndogo kuliko hata ile niliyokuwa nikimbembeleza nayo. Akalipa mafuta yake akaondoka.

Kimya. Halafu kijana akavuta fomu ya kibali kuelekea kwake, akaandika .223 kwa herufi kubwa, kama vile wazo lilikuwa lake tangu asubuhi. Kisha akaniuliza kama kitako cha bunduki kinapatikana cha rangi ya kijani.

Jioni nahesabu tena kabati. Miguu inawaka moto. Simu inalia, ni Mama, anauliza biashara ilikuwaje leo.

"Nzuri, Mama. Dawa ya kupe imetoka sana."